Viti Vinavyotazama Mbizi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile shangazi yangu Fortunata alipopanda ngazi za mgahawa wangu na kikapu cha maharage kichwani, akakitua, akavua kitenge chake cha begani, akaifunika redio kaseti yangu gubigubi kama mtoto mwenye homa. Muziki ukaendelea kupiga kelele humo ndani ya kitenge. Shangazi akasema, "Gaudensia, kinyamazishe hiki kitu kabla sijakitupa barabarani." Nikakinyamazisha. Ungemjua shangazi, nawe ungekinyamazisha.

Nakusimulia haya kwa sababu mjukuu wangu Anita kaniudhi. Binti huyu kila jioni hupanda kilimani na simu yake, anachukua video ya mji wetu wa Sumbawanga: mabati yanavyong'aa, moshi wa majikoni, ukungu unavyoteremka kutoka milima ya Mbizi. Halafu anaiwekea muziki wa jazi, ile ya taratibu, saksafoni ya kubembeleza, anairusha mtandaoni ili mtu aliyechoka aitazame apumzike. Kazi nzuri kabisa. Jana ananiambia anaacha! Wenzake wamemcheka: "Anita, nani ana muda wa kutazama mabati? Weka kitu cha kuchangamsha, watu wafurike." Nikamwambia kaa hapo. Na wewe mwanangu unayesoma, kaa, maana ugonjwa huu wa Anita ninaujua, niliuugua mimi kabla mama yake hajazaliwa.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kaka yangu alikuwa Kipili, anafanya kazi kwenye maboti ya ziwani. Nyumbani kijijini tulibaki mimi na baba, na nyumba ilikuwa imetushinda wote wawili. Baba alikuwa halali. Alijilaza, akaamka, akachochea moto, akakohoa, akajilaza tena, mpaka jogoo wanawika. Mimi nilikuwa silii wala sicheki. Nilikuwa natembea tu.

Nikaja mjini kufanya kazi ya kupika chai kwa mama mmoja, na yeye alipohamia kwa mwanawe akaniachia chumba chake cha juu cha kuuzia chai, kwenye nyumba ya ghorofa moja pembeni mwa soko. Kilikuwa na roshani ndefu iliyoelekea Mbizi. Wakati huohuo kaka akaniletea kaseti aliyoipata Mpulungu, upande wa Zambia, haina jalada wala jina. Hata leo sijui waliopiga ni kina nani. Hakuna anayeimba. Ni saksafoni tu, na ngoma inayopapaswa badala ya kupigwa. Jioni ya kwanza niliiweka nikiwa naosha vikombe. Jua lilikuwa linaigonga milima, mji mzima umekuwa wa dhahabu, mikaratusi ya misheni imesimama kimya, na ile saksafoni ikapanda. Yesu na Maria! Nikashikilia ukingo wa roshani nikamlilia mama yangu kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza nikajisikia mwepesi. Nikasema, kama hiki kitu kimenifanyia hivi mimi, kitawafanyia na wengine.

Basi nikaamua. Nikapanga viti vyote mstari mmoja, vyote vinatazama nje, mlimani. Chai, maandazi, mandhari na saksafoni. Pombe hakuna. Makelele hakuna.

Baba alikuja akaviona vile viti, akatikisa kichwa. Ulikuwa msimu wa kuinua matuta. Kama wewe si mtu wa Ufipa, nikueleze: kwetu mvua zikikaribia kwisha tunalima majani yakiwa bado mabichi, tunayafukia ndani ya tuta la mviringo, juu yake tunapanda maharage. Tuta linakaa hivyo kiangazi chote, majani yanaoza polepole humo ndani, hakuna anayeligusa. Mvua mpya zikianza ndipo tunalivunja, tunatawanya udongo wake mweusi, tunapanda ulezi. Baba akaniambia, "Nakuachia mpaka siku za kuvunja matuta. Nitakuja mwenyewe. Nikikuta viti vitupu, unafunga, tunarudi wote nyumbani. Mimi peke yangu siwezi tena." Sikumlaumu. Alikuwa anasema kweli, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza chai Sumbawanga! Kizuri changu hakikujiuza hata kidogo. Watu walipanda ngazi, wakaona viti vimepangwa vile, wakacheka: "Padri yuko wapi? Misa inaanza saa ngapi?" Vijana wakaniambia, "Dada, kaseti yako imeharibika, mwimbaji hasikiki." Na wewe unajua jina la mji wetu linavyohusishwa na uchawi huko nje, hata sisi wenyewe tunalitania. Mama mmoja wa sokoni akaanza kunong'ona kwamba muziki usio na maneno, unaopigwa jua likizama, lazima kuna kitu unakiita. Makubwa hayo!

Mteja wangu wa uhakika alikuwa mwalimu mmoja mtu wa Mbeya, aliyehamishiwa huku bila familia yake. Alikuja kila jioni, akaketi kiti cha mwisho, akanywa chai yake taratibu. Hakuwa mtu wa maneno. Akiondoka alisema tu, "Asante binti, leo nimepumzika."

Lakini mteja mmoja hajazi roshani, na kiangazi kilikuwa kinakwenda. Nikaogopa. Kila nikifumba macho namwona baba anakuja kunifungia. Basi nikaazima spika kubwa, nikaweka kaseti za kurukia, nikavigeuza viti vikatazamana. Wee! Palijaa siku ileile. Watu mpaka kwenye ngazi, vumbi linatimka, vikombe vinavunjika. Nikajiona mjanja kweli. Jioni mwalimu akatokea mlangoni, akasimama, akatazama kiti chake ambacho kijana mmoja alikuwa amepanda juu yake anacheza. Akaniinamia sikioni ili nimsikie. "Samahani binti," akasema, "nilidhani ni palepale." Akashuka.

Siku iliyofuata ndipo alipokuja shangazi Fortunata na kitenge chake.

Baada ya kunyamazisha redio, alitazama vile vikombe vilivyovunjika, akatazama viti. Akauliza, "Hivi si vilikuwa vinatazama mlima?"

Nikamwambia watu hawataki mlima, shangazi, watu wanataka kuchangamka, na baba anakuja, na mimi sitaki kurudi. Nikaongea mpaka pumzi ikaniishia. Yeye akakaa, akachukua ganda moja la maharage kutoka kwenye kikapu, akaanza kulimenya.

"Unalikumbuka tuta la mama yako ulilolifukua?" akaniuliza.

Nililikumbuka sana. Nilikuwa mtoto mdogo. Kila asubuhi nilikwenda kwenye tuta moja karibu na nyumba, nikalitoboa kwa mkono ili nichungulie kama majani yameoza. Leo nachungulia, kesho nachungulia. Likaingia jua, likakauka. Mvua zilipokuja, matuta yote yakatoa udongo mweusi, langu likatoa majani makavu kama ya kulalia mbuzi, na ulezi uliopandwa pale ukaota wa njano.

"Hukupigwa siku ile," shangazi akasema. "Mama yako alicheka tu. Mimi nilimwambia mchape, huyu atakuja kuwa mtu wa kufukua. Na kweli umekuwa! Umefukia kitu chako kizuri juzi tu, leo umeshakitoboa kuchungulia. Na hii ngoma yako ya leo, ngoma ikivuma sana hupasuka, hiyo huijui? Watu wa mji huu wote ni wazima? Wote wanataka kuruka? Aliyefiwa akae wapi? Aliyechoka akae wapi? Mimi naleta maharage sokoni tangu hujazaliwa, na sijawahi kupewa kiti mji huu bila kuulizwa nanunua nini."

Akainuka, akakishika kiti kimoja kwa mikono yake miwili, akakigeuza kielekee Mbizi, akaketi. "Niwekee huo muziki usio na mwimbaji," akasema. "Na chai. Halafu niache."

Nikamwekea. Shangazi yangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila kazi mkononi, aliketi pale mpaka chai ikapoa. Hata maharage aliyaacha. Aliponyanyuka alisema tu, "Kumbe mji wetu ni mzuri," akabeba kikapu chake akaenda.

Siku ileile spika ikarudi kwa mwenyewe. Nikavigeuza viti vyote. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipojua maana ya kukaza roho. Waliokuwa wanaruka wakanisusa, wakanitukana kidogo, wakaenda zao. Baridi ya Juni ikaja, unaijua baridi yetu, upepo unakata masikio. Nikashona mablanketi mepesi ya kujifunika mabegani, nikaongeza tangawizi kwenye chai. Siku nyingine hakuja mtu hata mmoja, nami niliweka kaseti hivyohivyo saa ileile, nikaketi mwenyewe. Nilisema, wakinikuta wamenikuta, wasiponikuta ni kwa sababu hawajapita. Kufunga sifungi!

Mwalimu akarudi. Nilimfuata shuleni kwake nikamwomba radhi, akacheka. Baadaye wakaja wauguzi wawili waliotoka zamu, miguu imewavimba. Dereva wa lori. Mzee mmoja aliyemzika mkewe. Hawakujaza roshani, ila waliokaa walirudi.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Nilisikia harufu ya udongo nikajua baba yuko njiani.

Alifika mchana na baiskeli yake, kofia inachuruzika maji. "Shikamoo baba." "Marahaba." Akavitazama viti. Vingi vilikuwa vitupu. Nikasema basi, imekwisha. Akaketi kiti cha mwisho, mwalimu alikuwa bado hajatoka kazini. Nikamletea chai, nikaweka kaseti. Mvua ilikuwa imekatika, mji umeoshwa, Mbizi imetoka kwenye mawingu ikaonekana mti kwa mti.

"Nani anaimba?" baba akauliza.

"Hakuna anayeimba, baba."

Akaegemea kiti. Nikaenda jikoni kujikaza nisilie mbele yake. Niliporudi, kikombe kilikuwa sakafuni, kichwa chake kimelala begani, mdomo wazi, anakoroma. Baba yangu alikuwa amelala, mwanangu! Mwalimu alipofika nikamwonyesha kidole mdomoni. Akatembea kwa ncha za vidole, akaketi kwingine. Wauguzi wakaja, wakamfunika blanketi baba wasiyemjua. Kaseti ikaisha, nikaigeuza. Ikaisha tena, nikaigeuza.

Aliamka jua linazama. Akajipapasa kutafuta kofia, akaona haya. "Nimelala?"

"Umelala sana, baba." Kisha nikakaza moyo nikauliza, maana nilitaka iishe. "Tunafunga leo au kesho?"

Akaitazama milima kwa muda mrefu. "Wewe ulikuwa mtoto wa kufukua matuta," akasema. "Na hili nalo ulilifukua?"

"Mara moja, baba. Shangazi akanifumania."

Baba akacheka. Tangu tumzike mama sikuwa nimemsikia akicheka. "Basi liache," akasema. "Matuta ya nyumbani nitavunja na majirani, pombe ya ulezi ipo ya kuwaita. Wewe niwekee hiki kiti."

Nilimwekea mpaka Mungu alipomchukua. Kila siku ya soko alipanda ngazi zile, akaketi, akalala.

Sasa nisikilize. Anita, futa machozi, na wewe mwanangu nisikilize. Kama umeanzisha jambo jema na la utulivu, usilichungulie kila asubuhi kuhesabu nani kaja na nani kakucheka. Usiligeuze likawa kelele kwa sababu kelele zinajaza watu upesi. Mahali fulani yupo mtu ambaye halali, na yeye hajui kwamba unamwekea kiti. Kazi yako ni kukiweka, jioni ya leo na ya kesho, mpaka afike. Panda huko kilimani, mjukuu wangu, uutazame mji wako, uuwekee saksafoni yako, na anayecheka acheke.

Mungu aliyemlaza baba yangu pale roshani jioni ile akupe moyo usiochoka, akupe shangazi wa kukusema unapopotoka, na siku utakapochoka wewe, akukutanishe na mtu aliyekuwekea kiti. Haya, nenda, jua linakaribia kuzama.