Kinyozi Aliyekataa Kuinua Wembe

Binti wa kaka yangu ni kinyozi. Nalisema hili mapema kwa sababu wako wanaosikia habari zake wakadhani ni mwanamuziki anayenyoa kwa kujifurahisha. Hapana. Ni kinyozi kamili, wa mashine na wa wembe, wa panki na wa kipara, na wateja walimbatiza jina la Wembe kabla hajafungua mdomo kuimba. Muziki ulikuja baadaye, ukamkuta kazini.

Duka lilikuwa la baba yake. Kaka yangu alinyoa mpaka magoti yakamgomea, akamkabidhi binti kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na sheria moja tu: mteja aliye chini ya wembe hatikisi kichwa. Haitikii salamu kwa kichwa, hageuki kumtazama anayepita, na akiambiwa nyumba yake inaungua aulize kwanza kwa mdomo ni chumba gani. Sheria hiyo ilizaliwa siku kaka alipomchanja sikio fundi bomba, jirani yetu, kwa sababu fundi bomba alicheka. Tangu hapo wazee wa mtaa wetu wakikalia kile kiti hukakamaa kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Mtu aliyekatazwa kutikisika hupenda kuzungumziwa. Wembe akawa anawazungumzia. Mazungumzo yakapata vina, vina vikafuata mvumo wa mashine, na sisi tuliozoea kukaa kwenye benchi tukashtukia mtoto anaimba hip hop. Aliimba foleni ya maji, mashemeji wanaokuja kusalimia na mabegi, na karani wa ofisi ya ardhi:

Karani kasema njoo kesho, kesho nikafika,
kiti kimevaa koti, mwenye koti katoweka.
Nikaliamkia koti, haja yangu nikaitaja,
koti likanitazama tu, kama bosi anayengoja.

Wasikilizaji wake hawakuwa vijana. Walikuwa akina fundi bomba, na mwalimu mstaafu ambaye hata ndevu zake zimenyooka kama mistari ya daftari, na mama wa mitumba aliyemleta mumewe anyolewe kila mara, nywele ziwepo zisiwepo, ili yeye asikilize.

Kaka peke yake ndiye hakupendezwa. Kwake hip hop ilikuwa ile ya kwenye televisheni: weusi wenzetu wa nchi za mbali, vifua wazi, minyororo shingoni, bastola kiunoni, nyuma yao moto unawaka bila mtu wa kuuzima. "Hao ni wezi walioajiriwa," alikuwa akisema. Na mimi namwelewa. Ukikaa miaka na miaka unaona watu wa rangi yako wanaonyeshwa namna moja tu, unaanza kuwaonea aibu kama ndugu zako wa tumbo moja.

Basi siku moja watu wa filamu wakaja. Walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa Mzungu mrefu, mwongozaji, aliyejifunza Kiswahili darasani na anakisema kisafi kama sahani ya wageni. Mwenzake alikuwa dada mweusi kama sisi, mzaliwa wa huko kwao Mzungu, kazi yake kunasa sauti, na Kiswahili alikuwa hana hata cha kuombea maji. Walikuwa wanazunguka kutafuta waimbaji wa hip hop wa kuonyesha duniani, na mtu fulani alikuwa amewapa rekodi ya Wembe.

Msidhani Wembe hakutaka. Alitaka mpaka akaunguza gauni kwa pasi. Alikuwa ameimba miaka yote ndani ya kile chumba, na wimbo ulioishia mlangoni alikuwa ameuchoka. "Shangazi," aliniambia, "nataka mtu nisiyemjua acheke pale ninapotaka acheke."

Mwongozaji alitazama duka, akatazama shuka jeupe la kunyolea, akatazama chupa ya spiriti na kopo la poda. Uso wake ukawa wa mtu aliyeletewa chai baridi.

"Samahani," akasema, "je, hakuna mahali penye hali ngumu zaidi?"

"Mahali papo," alisema fundi bomba kutoka kitini, midomo tu ikisogea. "Nyumbani kwangu, mke wangu akiamka."

Wakatupeleka kwenye jalala nyuma ya soko. Nasi benchi zima tukafuata, fundi bomba akiwa na ndevu upande mmoja. Mwongozaji akawaita vijana wapakia mizigo, akawaomba wavue mashati na wakunje nyuso. Vijana wazuri hao, mmoja ni mwanakwaya. Kisha akamgeukia Wembe.

"Tafadhali fungua wembe wako. Uinue mbele ya kamera, hivi, karibu na shingo ya kijana huyu. Uwe na hasira."

Wembe akatazama ule wembe mkononi mwake.

"Siwezi."

"Ni mchezo tu. Kila mtu ataelewa ni mchezo."

"Bwana, sikiliza. Asubuhi mzee wa watu anakuja kwangu, anakaa, anaegemeza kichwa nyuma, ananipa koo. Hanidai maelezo. Akiniona kwenye televisheni nimemwekea mtu wembe shingoni, kesho atanipa koo lake?"

"Lakini watazamaji wetu wanategemea kuona hip hop. Hip hop ni hasira."

"Hasira ninazo. Umesikia wimbo wa karani? Ule ni hasira tupu, nimeupaka poda."

Mwanakwaya akacheka, akaambiwa aache kucheka.

"Basi naogopa hatutakuwa na filamu," mwongozaji akasema, akaanza kufunga vifaa vyake. Wembe alikuwa anafuta wembe kwenye aproni, ule ule, ambao ulikuwa safi tayari, na machozi yameanza kumlenga. Alikuwa amepata tundu la kutokea kuifikia dunia nzima, na sasa linazibwa mbele yake.

Hapo ndipo yule dada wa sauti alipovua vile visikizio vyake vya masikioni, akamwambia mwongozaji jambo kwa lugha yao. Jambo lenyewe lilikuwa refu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mwongozaji akakohoa. "Anasema kwamba... baba yake alikuwa anafundisha piano. Walikuwa na bustani. Na shuleni kwao, watoto wenzake, ambao walikuwa... weupe, walimuuliza kila siku kama ameshaona mtu akipigwa risasi."

"Walimuuliza yeye kwa nini?"

"Kwa sababu ya rangi yake. Na ya televisheni. Anasema watoto hao walijua nyimbo zote za hip hop kuliko yeye. Walizinunua wao. Walipenda kutishwa wakiwa kwenye makochi ya wazazi wao."

Dada akaongeza maneno, akimnyoshea kidole kifuani.

"Na hayo?"

"Hayo ni kuhusu mimi," akasema mwongozaji, masikio yamekuwa rangi ya nyanya.

"Tafsiri tu, baba," mama wa mitumba akamwambia. "Tumeshasimama kwenye jalala kwa ajili yako."

"Anasema mimi nilikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo."

Tukacheka mpaka naye akacheka, maskini, na kuanzia hapo nilimpenda kidogo. Nikamwambia hakuna aibu, hata kaka yangu mweusi tititi alitutazama kwa kioo kile kile. Akakubali kujaribu mara moja, dukani, kama kazi inavyofanywa. Mara moja tu.

Fundi bomba akarudi kitini amalizwe upande wa pili. Sisi benchini. Wembe akaanza wimbo wa karani huku akinyoa, sauti imetulia, mkono umetulia. Mwongozaji akatutazama, akasimamisha kamera.

"Hawaupendi," akanong'ona. "Wamekaa kama matangani."

Kabla hajajibiwa, dada wa sauti naye akainua mkono. Kuna kelele. Kitu kinagonga. Wakazima feni, bado. Wakachungulia bomba la maji, fundi bomba akaapa kwa jina la kazi yake kwamba bomba halina hatia. Wembe akaanza tena, kelele ikaanza tena. Dada akapiga magoti sakafuni na kile kinasa sauti, akakipitisha taratibu chini ya benchi, kisha chini ya kiti, halafu akakaa pale pale chini akicheka bila sauti, mabega yanaruka.

Ilikuwa miguu yetu. Kichwa cha fundi bomba kilikuwa jiwe, lakini kisigino chake kilikuwa kinatwanga sakafu. Mwalimu mstaafu alikuwa anapiga kwa ncha ya kiatu, kwa nidhamu. Mama wa mitumba alikuwa amevua ndala kabisa. Na sisi wenyewe hatukujua. Kaka alitufundisha kutuliza vichwa muda mrefu kiasi kwamba muziki ulitafuta njia nyingine ya kutokea.

"Anasema," mwongozaji akatafsiri kabla hatujamwomba, "kwamba hao ndio watazamaji wa Wembe, na kwamba nikiwakata kwenye filamu ataacha kazi."

Akalala kifudifudi kwenye nywele zilizonyolewa, suruali yake nzuri ile, akaipiga picha miguu yetu.

Filamu ilipotoka tulijaa kwa mama wa mitumba, mwenye televisheni kubwa. Jalala lilikuwemo, sitadanganya. Sauti nzito ikasema mitaa hii ni ya hatari, na fundi bomba akaonekana anavuka barabara polepole na muziki wa huzuni, kama amezika mtu, kumbe siku ile alikuwa anafuata balbu. Tukapiga kelele za kumzomea. Kisha ikaingia miguu, na sauti ya Wembe juu yake, na Wembe mwenyewe anacheka huku anapangusa shingo ya mtu kwa taulo. Kaka alitazama mpaka mwisho. "Mkono wake haukutetemeka," akasema, akaomba arudishiwe fimbo yake aende kulala.

Asubuhi duka lilikuwa na ugomvi. Walikuwa wanagombania miguu. Kila mtu alitaka kile kisigino kilichopiga vizuri, na hakuna aliyekubali kile chenye magaga. Katikati ya kelele akaingia mama mmoja ambaye hatumfahamu, amemshika mkono mzee.

"Shikamooni. Ni hapa kwa yule dada wa televisheni? Baba mkwe tangu jana amekataa kinyozi wake. Tumekuja kutoka ng'ambo ya pili ya mji."

Yule mzee akamtazama Wembe juu hadi chini, kisha akautazama wembe aliokuwa ameushika.

"Ni wewe uliyeliamkia koti?"

"Ni mimi, baba. Marahaba hata sikupata."

Mzee akacheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyekuja nacho toka nyumbani. Kisha akakaa kitini, akafungua kifungo cha juu cha shati, akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho.