Mvua Yangu ya Agosti

Nilikuwa fundi wa kuhariri kanda za harusi mjini Dodoma, katika chumba ambacho zamani kilikuwa duka la ushirika. Biashara ilipofunguliwa, rafu za sabuni ziliondolewa, ikaingia kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya vumbi. Ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa kukivua kitambaa hicho, na nilijiona kweli kweli.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu yenye kamera isiyokuwepo. Huibebi begani, haiishiwi betri. Unaisukuma kwa kipanya ipande, ishuke, izunguke, nayo inapita juu ya picha zako hata mahali ambapo hukuwahi kusimama. Maji nayo yalikuwemo: mvua, mawimbi, dimbwi linalotikisika. Nilikwisha kuwatosa baharini maharusi watatu ambao bahari hawajawahi kuiona, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja akaja bibi harusi mmoja, karani, uso umemshuka. Bibi yake aliyemlea huko Mvumi alikuwa anaumwa mguu, hakuweza kuja harusini. Baadaye bibi huyo aliuliza jambo moja tu: mvua ilinyesha? Kwao, mvua ikimnyeshea bibi harusi ni baraka. Harusi yenyewe ilikuwa Agosti, mwezi ambao Dodoma wingu likipita tunatoka nje kulitazama. Kwa kumwonea bibi huruma, mjukuu akamjibu kwamba ilinyesha. Sasa bibi anataka kuiona kanda.

"Kaka, nisaidie. Yule ndiye mama yangu. Akijua nimemdanganya kwenye jambo la baraka, nitamtazama vipi?"

"Unataka ya rasharasha au ya radi?" nikamuuliza.

Nilinyesha siku tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeifunga mvua kwenye kamera, ikawa kamera inapokwenda mvua inafuata, mpaka ukumbini, ikawamwagikia wageni wanaokula pilau na hakuna hata mmoja aliyefunika sahani. Nikarekebisha. Nikaweka dimbwi mbele ya kanisa, kamera ikashuka kutoka mawinguni, ikapita juu ya paa, ikatua taratibu kwenye shela. Nilijipongeza kwa sauti.

Tulikwenda Mvumi, bibi harusi na mimi, tukiwa na televisheni, deki na betri ya gari. Bibi alikuwa amekaa mkekani kivulini mwa nyumba, mguu ameunyoosha, kikombe cha maji kando yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sinema? Haya, washa."

Mvua ikaanza. Bibi akasogeza uso karibu na kioo. Mjukuu wake anasokota ncha ya kanga. Mimi nasubiri kusifiwa.

"Simamisha hapo," bibi akasema. "Huyo mbuzi."

Mbuzi? Kanda ile nilikuwa nimeitazama mpaka macho yakaniuma, sikuwahi kuona mbuzi. Kumbe alikuwepo, chini pembeni, anakatiza dimbwi langu kwa raha zake, kwato kavu, nyuma yake vumbi linatimka.

"Mimi nimechunga mbuzi kabla sijang'oa meno ya utoto," akasema. "Mbuzi na mvua hawapatani. Tone la kwanza tu, ameshakimbilia ukutani. Huyu anatembea kama anakwenda mnadani. Mvua gani hii, mjukuu wangu?"

Nikaanza kumweleza habari za mwanga na kamera. Akanitazama tu, nikainamisha kichwa. Aibu niliyoiona siku ile sijaisahau.

Bibi harusi akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Haikunyesha, bibi. Niliogopa utasema ndoa yangu haina baraka. Nisamehe."

Bibi alichukua kikombe, akajaza maji mdomoni hadi mashavu yakatuna, akampulizia mjukuu wake usoni, pwaa! Hivyo ndivyo wazee wa pale walivyokuwa wakibariki. Maji yakamtiririka mpaka shingoni, naye akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Haya," bibi akasema akijifuta mdomo. "Imenyesha."

Matone mengine yalikuwa yameruka mpaka kwenye shati langu na kwenye kioo cha televisheni, pale pale nilipomsimamisha mbuzi. Safari hii alikuwa amelowa.