Mkia Unaokimbia Gati

Meli yetu ya mizigo ina rafadha moja tu ya kuisukuma majini, na hiyo moja ina kichwa kigumu. Ukiirudisha injini nyuma ili usimame, mapanga yake huburura tezi, yaani mkia wa meli, kwenda kushoto, utake usitake. Ndiyo maana pale Port Bell, bandari ya Kampala, mimi hufunga gati kwa ubavu wa kushoto. Narudisha kidogo, meli inajilaza yenyewe, na watu wananiita fundi. Fundi gani? Ni rafadha tu.

Siku ile upande wangu ulizibwa na tishari bovu. Ikabidi niingie kwa ubavu wa kulia, na mke wangu amesimama gatini.

Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Kisumu kuniletea jibu: atahamia Kampala au hatahamia. Nilikuwa nimeshaacha chumba changu cha Namuwongo kinachoingia maji, nikapanga viwili mahali pakavu. Nilinunua hata mapazia. Upweke ulikuwa umenichosha. Nilishaanza kuzungumza na sufuria.

Kutoka kwenye usukani nilitafuta sanduku lake. Sikuliona. Alishika mkoba wa mkononi, basi.

Mkono wangu ukafanya ulichozoea, ukarudisha injini kwa nguvu. Kamba ya mbele ilikuwa imeshafungwa, lakini mkia ukaanza kulikimbia gati, na maji yakapanuka kati yetu. Mke wangu akajiziba mdomo.

Mfunga kamba wetu, askari mstaafu wa kutoka kaskazini, akamtuliza kwa Kiswahili cha kambini. "Mama, wacha kuogopa. Mkia yake inakataaga hivyo. Saa hii kapteni analeta."

Nikakata usukani wote kushoto, nikaisukuma injini mbele kidogo tu, nikaacha. Kamba ikaishika pua, mkia ukarudi taratibu mpaka ukagusa matairi ya gati. Nilitamani usifike upesi.

Nikashuka. "Karibu, mama watoto. Twende ukaone nyumba."

"Baba watoto," akasema, akiangalia viatu vyake, "basi la kurudi ni leo jioni."

Iliniuma, siwezi kusema uongo. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njia nzima ya ziwani, ya kumbembeleza na hata ya kumgombeza. Nikamuuliza kama amekula.