Nywele za Plastiki kwa Marehemu

Bwana yangu alikufa gari likiwa linarudi kutoka Bunyakiri, limejaa madumu ya mafuta ya mawese. Juu ya kifo chenyewe sitaandika. Nitaandika juu ya kichwa changu, kwa sababu baada ya maziko kichwa changu ndicho walichokuja kukitafuta.

Kazi yangu ni kusuka. Nina kibao cha mteja na kiti changu kifupi katika soko la Kadutu, upande wa wauza sabuni. Niliianza mara tu nilipopata diplome ya sekondari, na sababu naijua. Miaka sita kwa masista tulinyolewa kila mwezi, wasichana wote, kichwa kama yai, kwani walisema nywele zinakula akili. Wavulana wa mtaa wetu wakati ule walikuwa wanaziacha zipande juu na kuchorwa mistari pembeni, na sisi wasichana tulipita mbele yao kama askari wapya. Siku nilipotoka pale niliapa kwamba kichwa changu hakitaguswa tena na mkasi. Halafu meshi zikaingia, zile nywele za kununua, za kila rangi, na wanawake wa Bukavu wakaanza kuzibeba mpaka kiunoni. Mimi za kwangu zilikuwa nyeusi, mwishoni nyekundu kama divai. Msukaji mwenye kichwa kibaya nani atamkalia? Wateja waliangalia kichwa changu, wakaonyesha kwa kidole, wakasema: nifanyie kama hii.

Sasa mambo ya kwetu. Mjane ananyolewa siku ya kumaliza kilio. Akishanyolewa, mwaka mzima mikono yake haigusi kichwa cha mtu. Hilo la mikono padri hajawahi kulifundisha, wala mzee yeyote hakulitangaza. Ni wanawake wenyewe wanaoliogopa, wanasema kilio kinatoka vidoleni na kuingia kwa anayesukwa. Wanachoogopa hasa ni upara, kuuona. Familia nyingi za mjini siku hizi zinamkata mjane kidogo tu, alama, na huyo anarudi kazini bila mtu kumuuliza kitu. Kukataa kabisa ndiko kusikowezekana. Mwanamke akikataa wembe, watasema yeye ndiye aliyemmaliza bwana yake, na watoto watabaki kwa babu yao.

Nina watoto wawili, msichana wa miaka minane na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Wakininyoa, hawatakula. Ilikuwa rahisi namna hiyo, na kila mtu wa familia ile alijua.

Basi nilienda Nyantende, kijijini kwa bwana yangu, pamoja na kiongozi wa shirika letu la parokia, tukakaa kwa mama mkwe toka asubuhi mpaka jua lilipokuwa kichwani. Kiongozi alisema Kanisa halidai upara. Mama mkwe alisikiliza, mikono katikati ya magoti. Si mwanamke mbaya, na hapo ndipo hasira yangu inaponisumbua, maana ningependa awe mbaya. Mwishoni alisema: «Sawa, binti yangu. Tutakata kidogo. Lakini hiyo kidogo ni ya mutoto wangu.»

Nilirudi Bukavu nikiwa mwepesi. Na hapa nitasema ukweli, hata kama utaniaibisha. Chini ya zile meshi nywele zangu mwenyewe hazikuwa kitu. Miaka ya kuvutwa imezikata, zimebaki urefu wa kidole, pembeni hakuna kabisa. Wateja hawakujua. Ningefumua kichwa ili wakate nywele zangu, wangenitoboa tundu ambalo hata kitambaa kisingelificha vizuri, na kuonekana bila meshi peke yake kungenitosha kufa kwa haya. Nikafikiri: watakata ncha. Ncha ya msuko nani ataichunguza? Nilienda Nyantende kumaliza kilio cha bwana yangu na kichwa chote kikiwa kimesukwa, nimetia weusi mtupu, ule wekundu nimeuondoa kwa heshima. Nilijiona mwenye adabu.

Tulitoka misa, tukakusanyika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, tukauzunguka moto wa kuni. Wanaume walikuwa mbele na kasiksi yao, ile pombe ya ndizi, lakini shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja akasimama upande wetu. Huyo ni motari, anabeba watu kwa pikipiki. Mwaka uliotangulia bibi yake alikufa akizaa. Unajua walimfanya nini? Alienda mwenyewe kwa kinyozi wa mjini, akakaa kwenye kiti kinachozunguka, akapigwa mashine dakika kumi. Kesho yake abiria walipanda nyuma yake, wakamshika kiuno, hakuna aliyeogopa. Juma la tatu alikuwa tayari amechongwa tena, na mstari pembeni. Kabla mwaka haujaisha mwanamke mwingine alikuwa anapika katika sufuria za marehemu.

Shangazi wa bwana yangu ndiye alikuwa na mkasi. Walisali. Aliinua msuko mmoja nyuma ya shingo, akakata kipande kama kiganja, taratibu, kama mtu anayekata uzi wa nguo mpya. Niliona imekwisha. Wanawake walianza kupumua, mmoja alikuwa tayari anauliza sahani ziko wapi.

Kisha shangazi akatupa kile kipande motoni.

Nywele za kilio haziachwi chini, zinachomwa, mtu mbaya asiziokote. Hilo nililijua toka utoto. Na mimi ni mwanamke ambaye kila siku ya Mungu, nikimaliza kusuka, ninapitisha kiberiti kwenye ncha za meshi ili ziyeyuke na kufunga zisifumuke. Kila siku. Vidole vyangu vina alama za kuungua. Jambo hilo halikunijia akilini hata mara moja, mpaka nilipoliona.

Nywele za mtu zinaungua kwa mlio mdogo na kwisha. Kile kipande kilijikunja, kikawa tone jeusi, kikadondoka juu ya kuni na kuendelea kuwaka, moshi mweusi, harufu ya beseni lililosahauliwa jikoni juu ya moto. Wote waliisikia. Shangazi aliinama akaangalia kuni ile kwa muda mrefu, halafu akaniuliza hii ni nini.

Shemeji ndiye aliyejibu. Alicheka kwanza. «Ni plastiki, shangazi. Shemeji amemupatia kaka yangu kipande ya beseni.»

Wanawake wawili walicheka, wakanyamaza haraka kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga.

«Nilikuomba kidogo tu,» alisema.

Alijifunika uso na kitenge, akaingia ndani ya nyumba, hakutoka tena mpaka tulipoondoka.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka mapatano. Waliniketisha chini. Hawakunishika kwa nguvu, sikupigana. Shangazi alikata misuko mmoja mmoja, akiiweka kando kama mtu anayevuna, kisha akachukua wembe. Kichwa kikavu, maji kidogo. Binti yangu alikuwa anaangalia, mdogo wake mgongoni. Nilisema wamtoe pale, hakuna aliyemtoa.

Wembe ulipofika nyuma ya sikio ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilimnyooshea shemeji mkono. Nilisema huyu hapa naye alizika, nani alimkalisha kwenye udongo, nani alimshika kichwa. Shangazi hakusimamisha mkono.

«Mwanaume, kilio yake iko ndani,» alisema.

«Ndani ya nyumba yake niliona mwanamke,» nilimjibu. «Kilio sikuiona.»

Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Shemeji alienda zake kwa wanaume wenzake. Na shangazi alimaliza kuninyoa vizuri sana, lazima niseme, bila kunikata hata mara moja.

Siku ya tatu nilikuwa sokoni na kitambaa, nimekifunga mpaka nyusi. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke ninayemsuka toka akiwa mwanafunzi. Alikaa, akanipa kichana, akaanza habari za mtoto wake. Nilipoinama kuchukua uzi kitambaa kilirudi nyuma kidogo, aliona. Akakumbuka kwamba ameacha maharagwe kwenye moto. Nilimwona baadaye amekaa kwa jirani yangu, viti vitatu tu kutoka kwangu, mgongo amenigeuzia. Jirani alinitazama kwa macho ya kuomba msamaha, vidole vyake vikiendelea kukimbia.

Jumamosi ile habari ya beseni ilikuwa imefika Kadutu. Wauza sabuni waliijua vizuri kuliko mimi. Wengine waliongeza kwamba moto ulizimika, wengine kwamba marehemu aliita.

Ni mteja mmoja tu aliyekuja bila woga, maman mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya ONG, shirika la misaada. Huyo nilimsuka miaka minne. Alikuja kuniaga kama mteja: amekata nywele zote, zimebaki kama unyoya wa kifaranga, amezitia rangi ya dhahabu. Ofisini kwao wanawake wengi sasa wanafanya hivyo, alisema, mtu anapumzika, asubuhi hakuna shida. Alilipa saluni nzuri kwa kazi ile. Aliniomba nifungue kitambaa, nami kama mjinga nikafungua. «Kichwa yako iko muzuri sana,» alisema. «Tuko sawa sasa.» Alisema kwa moyo mwema, na aliniachia kitu mkononi. Nilibaki nimekaa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kichwa ni kilekile, upara ni uleule. Yeye kwake ni modi, watu wanamsifu barabarani. Mimi kwangu ni kifo, watu wanavuka upande wa pili.

Nikafanya akili ya pili, na hiyo pia ilikuwa mbaya. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilimpeleka binti yangu sokoni, nikamkalisha kwenye kibao, nikaanza kumsuka mbele ya watu wote. Waone mikono yangu inagusa kichwa na mtoto haanguki. Nilimsuka mistari mizuri, ya kupinda, ile inayochukua muda. Hakuna aliyekuja. Nilimfumua, nikamsuka tena kwa namna nyingine. Kesho vilevile. Juma zima vilevile. Wanawake walipita, wakasimama, wakasifu kazi, wakamwambia mtoto amependeza, wakaenda kukaa kwa jirani.

Siku ya nane aliamka mapema, akajitafutia kanzu yake, akaniuliza nikiwa ninawasha makaa: «Maman, leo utanisuka mara ngapi?»

Hakulalamika. Aliuliza tu, kama anayetaka kujua urefu wa safari. Nilimvuta karibu na mlango kwenye mwanga. Pembeni mwa paji la uso nywele zilikuwa zimeng'oka, ngozi imejaa vipele vidogo vyenye maji. Ni mimi niliyefanya hivyo, kwa mikono hiihii, na hakuna kilio chochote kilichotoka vidoleni. Ni kuvuta tu.

Nilimfumua pale mlangoni, taratibu, nikamtia mafuta, nikamwambia abaki na mdogo wake. Nilishuka Kadutu peke yangu. Jirani alikuwa na wateja watatu, mmoja amesimama. Aliniomba kibao changu, aliona haya kuniomba. Nilimpa. Aliniuliza nitakihitaji lini, nami nikachukua kiti changu kifupi na kupanda njia ya nyumbani.