Inchi Tisini na Nane za Mwalimu Msabah

Msabah Mkadam alikuwa mwalimu wa hesabu Chwaka hadi mwaka 1970, wakubwa walipompeleka Dar es Salaam akajifunze kuiandikia kompyuta kazi. Baada ya miezi minane alirudi likizo, amechoka kama aliyeibeba mashine yenyewe kichwani.

Mtihani wa kuingia mwaka wa pili ulikuwa mmoja: atoe orodha ya kupwa kwa maji Chwaka, kila siku saa yake na kina chake. Asipofaulu, arudi kwenye chaki yake.

Mamake, Bi Mwanakheri, aliyezeekea kazi ya kufukia makumbi ya nazi matopeni mpaka yaoze, alicheka.

"Hilo ndilo la kuvukia bahari? Si uniulize mie."

"Haya mama, kesho maji yanakupwa saa ngapi?"

"Saa nne na kitu, na yatakauka mpaka nje ya vigingi vyangu vya makumbi."

Pumzi moja, majibu mawili. Msabah akahema. Katika lugha ya kompyuta aliyofundishwa, hesabu ndogo unaipa jina, unaiita, nayo inakurudishia namba moja tu. Saa au kina, chagua. Ukitaka vyote, uliza mara mbili, na yeye alipewa dakika kumi za mashine, basi. Ilikuwapo njia ya kuikabidhi hesabu visanduku viwili ivijaze, lakini somo hilo ni la mwaka wa pili, na mwaka wa pili huingii mpaka ufaulu bila ya kulijua.

Akavifunga vyote kitita kimoja. Saa aliizidisha kwa mia, akajumlisha kina kwa inchi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, ambayo mashine huiandika 1020, na inchi saba, ikawa 102007. Tarakimu mbili za mwisho ndizo kina. Akajisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwengine wa kumsifu.

Orodha ilipotoka, afisa mmoja wa mafunzo, Bwana Muhiddin, alishuka nayo Chwaka pamoja na Msabah siku ya bamvua kubwa, maji yanapokupwa kuliko siku zote. Akasoma pwani, taratibu:

"Saa nne na dakika kumi na tisa. Kina, inchi tisini na nane."

Mbele yao wanawake walikuwa wameinama matopeni wakifukua makumbi, maji hayajawafika hata vifundoni.

"Bwana Msabah, wale ni papa?"

Kosa Msabah alishaliona. Bamvua kubwa maji hushuka chini ya alama ya sifuri inayopimiwa kina. Siku ile maji yalikupwa saa nne na dakika ishirini, kina kasoro inchi mbili. Toa mbili kwenye 102000, unabaki na 101998. Kina kimeingia nyumbani kwa saa, kimeiba dakika, kimetoka kimenenepa.

"Siku nyengine zote ni sahihi," alisema.

"Siku nyengine nani anayeshuka huku, mwanangu?" Bi Mwanakheri alijibu kutoka matopeni, hakuinua kichwa.

Bwana Muhiddin akaikunja orodha, akaitia mfukoni.

Muhula uliofuata Msabah alikuwa darasani Chwaka, chaki mkononi.

"Kumi na saba gawa kwa tano. Sichana," alimwita mwanafunzi mmoja.

"Tatu, Mwalimu."

Msabah alikuwa amechoka hata kuuliza kwa maneno mengi.

"Na?"

"Na zinabaki mbili."

"Majibu yote mara moja," alisema, akavuta kiti akakaa. "Anza tena."