Kwaheri Niliyokatazwa Kusema

Mwaka ule Kutulo, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Kenya, sisi walimu tuliotoka bara tuliishi na mabegi yaliyofungwa. Magari yalikuwa yanapungua barabarani kwa hofu ya mashambulizi, na aliyesafiri aliondoka bila kuaga. Nilifundisha chekechea. Watoto walivua viatu mlangoni wakaketi mkekani, nami nilivua vyangu.

Wiki ya tatu ndala yangu moja ilipotea, nikaiona baadaye nyuma ya mlango. Kesho yake tena. Mara ya tatu niliikuta chini ya hijabu ya msichana wa miaka mitano, mtoto asiyezungumza na mtu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mwizi. Hakulia, na hadi leo naona aibu.

Jioni alikuja nyanya yake, ndiye aliyekuwa akimlea.

"Yeye si mwizi, mwalimu. Walimu mbili alienda, hakusema kwaheri. Yeye nasema, mwalimu bila kiatu nakwenda aje?"

Nilimwomba mtoto msamaha mbele ya darasa lilelile. Kisha mimi na nyanya tukapatana. Kila mchana ningemshika mkono nimwambie, "Naenda, kesho nitarudi." Nyumbani, nyanya angemuuliza moyo wake umeshindaje, naye ajibu kwa maneno yake. Jibu la kwanza lilikuwa, "Naogopa." Baada ya majuma machache alikuwa anacheka, anagombania kalamu za rangi kama wengine. Nilijivuna sana, nikadhani kazi imekwisha.

Ndipo mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga dirisha. Sisi walimu wa bara tungeondoka alfajiri ya kesho yake pamoja na msafara wa polisi.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hata watoto. Mtoto akiulizwa njiani atasema, na huko mbele kuna watu wanaosubiri kujua msafara utapita lini."

Mchana huo msichana alinishika mkono mwenyewe, akangoja.

"Naenda," nikasema. "Kesho nitarudi."

Akaridhika, akakimbilia wenzake.

Juma lililofuata nilikuwa kwa mama yangu huko bara simu ilipolia. Alikuwa nyanya wa yule msichana. Hakunilaumu, na afadhali angenitukana.

"Mwalimu, wewe nafundisha yeye kusema kitu iko kwa roho. Sasa yeye nakaa mlangoni ya shule, hasemi kitu. Mimi naambia yeye nini?"