Baba na Mwana, Divai Nyekundu

Mwanangu ameolewa. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi na ninajua ninachosema: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mwanafunzi aliyeniandikia kinyume alirudishiwa insha yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Lakini huyu wangu alikwenda Ufaransa kusomea kilimo, akampenda binti wa watu wenye shamba la mizabibu, akahamia kwao. Analala chini ya paa la mkwe, anakula mezani pa mkwe, analima ardhi ya mkwe. Kama huko si kuolewa, basi nimewadanganya watoto wa watu miaka yote hiyo.

Maneno haya siyasemi mbele za watu. Hapa mtaani Shirere nikiulizwa, nasema kijana yuko masomoni, ingawa masomo yenyewe yalikwisha zamani. Nayasema peke yangu nikifagia isimba yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa kwetu hujengewa uani kwa baba yake akishakuwa mkubwa, ili siku moja alete mke hapo. Kila muhula wanafunzi wanaotafuta vyumba hubisha hodi wakiiulizia. Nawajibu kwamba ina mwenyewe. Wananiangalia, wanaangalia kufuli iliyoota kutu, wanasema asante mzee na kwenda zao.

Hatukupata mtoto mwingine. Mama yake akiwa hai, nyumba ilikuwa na kelele za kutosha, maana alikuwa mtu wa kuimba hata akichambua mboga. Tangu afariki naongea na redio. Redio ina habari nyingi, lakini haijawahi kuniuliza nimekula nini.

Chupa ya divai kutoka kwa kijana ilinifikia msimu wa mvua, mkononi mwa mhadhiri mmoja wa mtaa jirani wa Amalemba aliyekuwa amekwenda Ufaransa kwa mkutano. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya sweta ya kijani niliyomnunulia kijana mimi mwenyewe alipokuwa anasafiri. Sikujua kama amenitumia kifungashio au amenirudishia sweta yangu.

Mhadhiri yule anajua Kifaransa. Nikamwomba anisomee lebo. Akaanza na jina la ukoo wa hao wakwe, kisha akafika kwenye maneno yaliyoandikwa chini yake.

"Hapa wanasema 'Baba na Mwana,'" akaniambia. "Ni kawaida, Mwalimu. Mashamba ya familia kule huandika hivyo."

"Mwana yupi? Hao wana binti mmoja tu."

Akacheka. "Labda ni maneno ya zamani, ya enzi za babu yao."

Nikacheka naye, kwa adabu. Alipoondoka niliiweka ile chupa juu ya kabati, lebo ikiangalia ukuta.

Jumamosi kijana akapiga simu. Sauti yake niliijua tangu salamu kwamba imebeba jambo.

"Baba, hiyo divai ni ya kwanza niliyoitengeneza mimi mwenyewe. Kuchuma, kukamua, mpaka kuziba chupa. Mzee wa huku alisimama tu pembeni akiniangalia, hakutia mkono."

"Hongera."

"Sasa anataka tuandikishane. Niwe mwenzake shambani, moja kwa moja. Anasema yale maneno ya kwenye lebo yamekaa bila mwenyewe tangu baba yake afe."

"Kwa hiyo huyo mwana ni wewe."

Nikasikia mbwa akibweka huko kwao, na trekta.

"Nimemwambia siwezi kumjibu kabla wewe hujainywa," akasema. "Kwetu kitu cha kwanza cha mkono wa mtoto huonjwa na baba. Ukiniambia ni mbaya, narudi nyumbani. Siwezi kukaa kwa watu maisha yangu yote nikitengeneza kitu kibaya. Lakini Baba, niambie ukweli."

Kisha akanipa masharti. Nisiitie kwenye friji. Niifungue mapema, niiache ipumue. Ipumue! Mimi mwenye kifua hiki sijawahi kuagizwa nipumue. Nile nayo nyama ya kuchoma, au uyoga, au jibini ngumu kama nitaipata. Samaki asiikaribie kabisa.

Kuambiwa hivyo kulitosha. Jumapili baada ya kanisa nilikaanga omena.

Kizibo chenyewe kilinitoa jasho. Sina kile chombo chao cha kuzibulia, kwa hiyo nilizamisha skurubu kwenye kizibo na kukivuta kwa koleo, chupa nikiwa nimeibana katikati ya magoti. Kilitoka kikiwa kimemeguka. Nikamimina kidogo kwenye glasi ya maji, nikatafuna omena, nikashushia.

Ilikuwa kama kulamba msumari. Ulimi ulikauka, na samaki wale, waliokuwa watamu dakika hiyo hiyo, waligeuka shombo tupu. Nikajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Nami nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka nikasimama. Kijana ameshindwa! Nitamwambia ukweli alioutaka, kwa upole kama inavyompasa mzazi, naye atafunga mizigo. Nilianza hata kufikiria fundi atakayebadilisha mabati ya isimba.

Kwa kuwa sikutaka kuonekana nimemhukumu mtoto kwa chakula kimoja, nilipasha moto mrenda uliobaki jana. Mrenda na divai ile havikuonana kabisa. Mboga iliteleza kwenda zake, divai ikabaki mdomoni ikitafuta pa kukaa. Nikaweka glasi kando nikiwa na amani kubwa.

Ndipo jirani yangu akapiga hodi. Ni mama wa makamo anayeimba kwaya, na mvua zikianza huokota uyoga kwenye vichuguu na kunigawia. Alikuwa ameufunga kwenye jani la mgomba. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye chupa.

"Mwalimu! Hii si ndio ile wanakunywanga kwa Meza ya Bwana?"

"Ile ni divai ya kanisa. Hii ni ya kijana wangu."

"Ameitengeneza yeye? Huyu mtoto wetu?" Akaigeuza chupa, akaitazama kama mtu anayetafuta sura ya mtoto kwenye picha ya shule. "Na sasa unakunywanga peke yako namna hii? Baba yangu na wenzake walikuwa wanazunguka chungu moja ya pombe, kila mtu na mrija wake. Hii ya kwako imekosa watu."

"Basi kaa. Nitapika huu uyoga, tule."

"Ai, Mwalimu, kwaya ikisikia! Halafu nimeacha obusuma kwa moto bila kusonga, na ile wingu unaiona." Akakimbia akiwa amejifunika leso kichwani, na kabla hajafika kwake ngurumo zikaanza.

Nilipika uyoga kama mama yake kijana alivyoupika. Niliosha udongo wote, nikaukausha kidogo kwenye sufuria bila mafuta, nikatia kitunguu, kisha karanga za kusaga na maji kidogo, nikaacha uchemke polepole mpaka mchuzi ushike. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata redio haisikiki. Nilisonga ugali mdogo, wa mtu mmoja, ule unaokaa katikati ya sahani kama kosa. Nikaketi. Nikamimina tena, zaidi kwa kutimiza wajibu.

Divai ilikuwa imebadilika. Labda ndiyo hiyo kupumua, sijui. Ule ukali wa chai iliyochemshwa kupita kiasi ulikuwa umetulia na kukaa nyuma. Mbele yake kulikuwa na kitu cha zambarau zilizoiva sana, zile zinazoanguka zenyewe, na chini yake harufu ya ardhi iliyolowa. Nilikula uyoga, nikanywa, nikala tena. Mafuta ya karanga yaliulainisha mdomo na divai ikausafisha, na kila kimoja kikakifanya kingine kiwe kitamu zaidi. Nilikuwa na kipande cha nyama ya ng'ombe niliyoikausha juu ya moto wa kuni. Nikakichoma, nikajaribu nacho, nikiomba moyoni kiiharibu. Kiliitengeneza zaidi.

Nikaiangalia glasi. Kijana aliyeshindwa kuangalia ndizi zikiiva bila kuzibonyeza, ambaye mama yake alimfukuza jikoni kila siku kwa kufunua sufuria, alikuwa amejifunza kungoja. Mtu hawezi kutengeneza kitu kile kwa haraka. Nikahuzunika kuliko nilivyohuzunika kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Sitasema kwamba uongo haukunijia. Ulinijia, ukavuta kiti. Ningemwelezea omena tu, na kila neno lingekuwa kweli. Msumari, shombo, ulimi kukauka. Angekuja. Angekaa hapa mezani na kuniuliza nimekula nini, hata kama kila siku angekuwa anawaza vilima vya watu wengine. Niliyafikiria hayo mpaka mchuzi ukapoa. Lakini kazi ya mtoto ilikuwa mbele yangu, naye alikuwa ananingoja, na mimi sijawahi kumwandikia mtu sifuri mahali alipopata.

Mvua ilipopungua nikampigia, ile simu ya kuonana uso kwa uso. Alipokea mara moja. Alikuwa amesimama kwenye chumba cha mawe chenye mapipa, na nyuma yake mzee mwenye kofia, ambaye bila shaka ndiye mkwe, akijifanya anafuta pipa lililokuwa safi.

"Baba?"

"Ni nzuri," nikasema. "Nzuri sana. Mwambie mzee huyo aandike."

Alifunika macho kwa kiganja. Yule mzee akaacha kufuta pipa. Hakuelewa lugha, lakini uso wa kijana aliuelewa, akaja akamshika bega. Nikautazama ule mkono ulivyokaa pale begani, bila haraka, kama mkono uliozoea.

"Baba, unajua nikitia sahihi sitarudi? Yaani kuishi?"

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, nitashindwaje kuelewa?"

Akacheka huku analia. Akataka kujua kila kitu, kama fundi anayeulizia mlango alioutengeneza. Nilikula nayo nini? Nikamwambia uyoga wa karanga. Akamtafsiria mzee, naye mzee akainua mikono yote miwili juu na kusema maneno mengi. Na nyama? Nikamwambia ile ya kukausha kwa moshi. Na samaki je? Nikakiri kwamba nilianza na omena, nikaipata haki yangu, akacheka mpaka akashika pipa.

"Na nani?" akauliza.

"Na nani nini?"

"Umeinywa na nani, Baba? Mzee anauliza. Huku chupa ya kwanza hainywewi peke yako."

Niliivuta simu karibu na uso wangu, karibu kabisa, mpaka kwenye kioo kile kidogo nikaona pua na macho yangu tu.

"Watu wamejaa hapa," nikasema. "Majirani, walimu wenzangu wa zamani. Hata viti havikutosha."

Furaha ilimpanda usoni kama alipokuwa mdogo.

"Wasalimie wote," akasema.

Nikamwambia nitawasalimia.